Halbadiri Kwenye Pidiefu

Mimi sipendi kuibiwa. Najua hakuna anayependa, lakini wenzangu wakiibiwa husema Mungu atalipa, wakarudi jikoni. Mimi nikiibiwa nyumba nzima hailali njaa tu, inalala na kelele. Marehemu mume wangu, Abdulghani, alizoea kusema kwamba hasira zangu zingewashwa jikoni tusingenunua mkaa, na alisema kwa mapenzi, kwa hiyo sikumjibu. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani niliyoyafanya niliyafanya kwa kukosa akili. Akili ninayo, ila siku ile hasira ilitangulia.

Kazi yangu ni kofia. Nashona kofia za mkono hapa Ngamiani, Tanga, tangu nina miaka kumi na minne, zile nyeupe zenye kiua. Kama wewe si wa huku, kiua ni ule mchoro wa matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, unaozunguka kofia nzima mpaka juu. Kofia moja hunichukua mwezi. Mteja akiwa na haraka hunichukua miezi miwili, maana hapo nakuwa namkomoa.

Katika kazi yetu kuiga ndiko kusoma. Shule hakuna. Umesimama dukani unasubiri unga, mbele yako yuko mzee amekupa kisogo, kichwani ana kiua ambacho hujakiona. Basi unga wenyewe unausahau, unahesabu matundu. Unarudi nyumbani na idadi kichwani, unasalimiwa njiani huitiki, usije ukaipoteza, mpaka uishike penseli uichore. Watu wakikuona hivyo wanajua, wanasema mwacheni huyo, ana kiua. Mimi nimejifunza hivyo, na aliyenifundisha alijifunza hivyo, na hakuna aliyemwita mwenzake mwizi.

Lakini kiua kimoja kilikuwa changu mwenyewe, hasa changu. Abdulghani alipofariki nilikaa eda miezi minne na siku kumi, kama inavyopasa. Sikutoka, na sindano sikuweza kuishika, kila nikitunga uzi machozi yanakuja. Nikawa nachora tu. Nilichora duara nne kubwa, na baina yake matundu kumi madogo, nikayafuta, nikayachora tena, mpaka siku nilipovua nguo za eda mchoro ulikuwa umekaa sawa. Nikauita Eda. Katika daftari langu vilikuwemo viua arobaini, na vilivyotoka kichwani mwangu ni vitatu. Viwili kati ya hivyo ni vibaya, hata mimi sivipendi. Cha tatu ni Eda, na kwa hicho nilikuwa tayari kupigana na mtu.

Macho yakaanza kunisaliti. Miwani nilipewa, lakini nikishona saa moja kitambaa chote kinakuwa ukungu. Ndipo Samiha, mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, akaja na shauri lake.

"Shangazi, tuviweke viua vyako kwenye pidiefu," akasema. "Mtu anatuma pesa kwa simu, anapewa, anashusha, anashona. Wewe unakunywa chai."

Nikakubali kwa sharti moja, kwamba chini ya Eda iandikwe kimebuniwa na Hafsa binti Idarusi. Vingine asiandike kitu. Samiha akachora vyote upya kwenye kompyuta, vikapendeza, na chini ya kila ukurasa akaweka maneno madogo madogo. Nikamwambia anisomee.

"Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili, kuhifadhi, kuchapa wala kusambaza sehemu yoyote ya waraka huu kwa njia yoyote ile bila idhini ya maandishi."

"Kuhifadhi ndio nini?"

"Kuweka kwenye simu."

"Na akishanunua anausomea wapi?"

"Kwenye simu."

"Haya. Na kuchapa?"

"Kuutoa kwenye karatasi."

"Sasa huyo fundi atashonaje? Simu mkono huu, sindano mkono huu, kofia aishike kwa meno?"

Samiha akacheka. Akanambia kila mtu huweka maneno hayo, na wanaoyaweka wenyewe hawayasomi. Nikamwambia hiyo ni sawa na kumwekea mgeni sahani ya halua mbele yake, ukamwambia karibu, lakini usiguse.

"Onyo halimzuii mtu, Shangazi," akasema. "Linasema tu kitu ni cha nani."

Jibu hilo lilinituliza. Pesa ningezipenda, sikatai, lakini nilichokitaka hasa ni jina langu likae chini ya Eda.

Mwezi haukwisha. Samiha akanionyesha grupu moja la mafundi kofia la huku pwani, watu zaidi ya mia tatu, na humo pidiefu yangu imetumwa bure, nzima, hata onyo lake lipo kila ukurasa. Wameniibia pamoja na onyo langu. Wengine wanashukuru, wengine wanaweka vidole gumba. Nikasema hewala, nitavumilia, nami nimehesabu vichwa vya watu maisha yangu yote. Kisha Samiha akasogeza skrini kidogo, nikaona picha ya kofia iliyoshonwa Eda, na chini yake mtu ambaye simjui kaandika, "Kiua changu kipya, nimekipa jina Duara Nne."

Kiua chake kipya. Siku zangu mia na thelathini za kukaa ndani na kulia, yeye kaziita Duara Nne.

"Fungua hiyo pidiefu," nikamwambia Samiha. "Futa hayo maneno yako ya mahakamani. Andika haya."

Akaandika. Nilimsomea hivi: Mwenye kushusha, kuchapa au kusambaza waraka huu bila ruhusa ya mwenyewe, ajue amekwisha kusomewa halbadiri. Hafsa binti Idarusi, Ngamiani, Tanga.

Vidole vya Samiha vikasimama. "Shangazi, umesoma?"

"Andika."

"Umesoma lakini?"

"Nitasoma. Andika."

Kwa asiyejua, halbadiri ni kisomo cha kumshitakia mwizi kwa Mungu. Aliyeibiwa huita walimu, ubani ukafukizwa, yakasomwa majina ya watu waliopigana na Mtume vita vya Badri, na kisomo humshika mwizi akaugua au akafa, ndiyo maana akisikia tu kwamba inasomwa, mali hurudi. Nimeona kwa macho yangu baiskeli ikirudishwa mtaani kwetu ikiwa imepakwa mafuta na kutiwa upepo. Huku kwetu mahakama utaipuuza, halbadiri huipuuzi.

Sikuisoma. Nitasema kweli kwa nini. Ningemwita mwalimu mwenye akili yake, la kwanza angeniuliza, Bi Hafsa, hivyo viua arobaini ni vyako? Na jibu nilikuwa nalijua. Kwa hiyo nikaishia kuandika, na Samiha akautuma ukurasa huo kwenye grupu, na kuuweka kwenye pidiefu mpya.

Kabla ya adhuhuri simu yangu ilikuwa moto. Bwana mmoja wa Pangani kanitumia picha ya simu yake ilivyo tupu, kafuta mpaka picha za harusi yake, asiache kitu cha kushukiwa. Yule wa Duara Nne kaondoa tangazo lake na kujitoa kwenye grupu. Mwanamke mmoja aliyenunua kwa halali kanipigia. Simu yake ya zamani imevunjika, mwanawe kamhamishia vitu vyote kwenye simu mpya, na pidiefu nayo imehama yenyewe. Je, huko kuhama ni kunakili? Nikamwambia la, wewe umenunua. Akaomba nimtumie kwa sauti, aiweke kama ushahidi. Kutoka Maramba akapiga Ernesti, mwenye duka la kuchapa, kwamba yuko mteja wake ameleta pidiefu hiyo itolewe kwenye karatasi.

"Mama, mimi Mkatoliki, mambo hayo siyaamini," akasema. "Ila nimeona nikupigie kwanza."

Nikampa ruhusa, na baada ya dakika tano akapiga tena kuuliza kama ruhusa hiyo inaihusu na mashine.

Nilifurahi, sitaki kuficha. Niliketi kibarazani nikajiona mtu. Samiha hakufurahi. Akasema, "Watu wanakuogopa, Shangazi," nami nikamjibu waogope, si ndiyo maana ya onyo. Akainama kwenye simu yake.

Wiki ya tatu, asubuhi, ikaingia namba nisiyoijua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Wewe ndiye Bi Hafsa wa kofia?"

"Ndiye."

"Mimi naitwa Sabiri, niko Moa. Mke wangu Tausi ni fundi kofia. Ameshikwa."

"Ameshikwa na nini, baba?"

"Na wewe, mama."

Akanieleza. Tausi alipata pidiefu kwenye grupu kabla ya onyo jipya. Onyo lilipokuja alitaka kuifuta, lakini alikuwa na kofia ya bwana harusi iliyofika nusu, akasema aimalize hiyo tu ndipo aifute. Siku ya pili sindano ikamwingia chini ya ukucha, kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kikavimba kidole, kikavimba kiganja, sasa ni mkono. Muuguzi wa zahanati, Consolata, kamwambia mara mbili aende hospitali mjini, amekataa. Anasema hii si ndwele ya sindano. Aliyeshikwa na kisomo akipigwa sindano ya hospitali anakufa palepale, hata mama yake alimwambia hivyo. Anachotaka ni radhi yangu.

"Nimemsamehe," nikasema. "Nimemsamehe dunia na akhera. Mpe simu."

Akampa. Sauti ilikuwa ya binti, imechoka. Nikamwambia maneno yaleyale, nikayarudia, nikamwambia ainuke aende hospitali sasa hivi.

"Ahsante, mama," akasema. "Lakini radhi ya kwenye simu, nitajuaje kama imefika?"

Nikamwita Samiha, nikamwambia vaa baibui, tunakwenda Moa. Nilitegemea aseme nilikwambia, ili nipate wa kumfokea, yeye akavaa tu akatangulia. Tukapanda basi la njia ya Horohoro, tukashuka njia panda, tukachukua bodaboda mbili. Njia nzima nilikuwa naomba dua, na kila nikiinua mikono naona aibu, maana jina la Mungu nilikuwa nimelitumia kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani.

Tausi alikuwa amelazwa kwenye mkeka chumba cha mbele, kijana, hajafika thelathini. Mkono umevimba mpaka kiwikoni, ngozi inang'aa, kidole chenyewe cheusi kwenye ncha, na mstari mwekundu umepanda kwa ndani kuelekea kwapa. Consolata alikuwa amekaa pembeni yake na mfuko wake wa dawa ambao hakuruhusiwa kuufungua. Alinisalimu shikamoo, kisha akanivuta kando.

"Mama, mimi nimezaliwa kambi ya mkonge, lakini nimekaa na watu wa huku miaka tisa, mambo yenu nayaheshimu," akasema. "Ila mstari huu ukifika juu sina la kufanya. Leo, si kesho."

Nikakaa chini mkekani. Nikamwekea Tausi mkono kichwani, nikamwambia, "Mimi ndiye Hafsa. Radhi yangu hii hapa, nimekuletea mwenyewe."

Akalia. Akanibusu mkono kwa shida. Nikamwambia Sabiri tafuta gari. Tausi akatikisa kichwa.

"Kitabu kimefungwa, mama?"

"Kitabu gani?"

"Cha kisomo. Radhi umetoa, lakini kilichosomwa kimesomwa. Lazima walimu wakakifunge."

"Tausi, mwanangu, sikiliza. Hakuna kilichosomwa. Niliandika tu. Nilikasirika, nikaandika neno la kutisha watu. Sikuita mwalimu, sikufukiza ubani. Ni maneno kwenye pidiefu."

Akanitazama kwa huruma, wallahi, yeye mgonjwa ananihurumia mimi. "Unanipoza, mama. Kama hukusoma, hiki ni nini?" Akaunyanyua ule mkono.

Nikamtazama Samiha. Samiha akasema kweli, dada, yeye ndiye aliyeandika na alikuwepo, hakuna kisomo. Tausi akasema Samiha ni mtoto wa kaka yangu, atasema nini kingine. Sabiri amesimama mlangoni, funguo za pikipiki mkononi, anageuza uso asimwone mkewe. Nikafikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Maana kama nimesoma au sikusoma, halbadiri humshika mwizi. Asiye mwizi haimgusi, hata isomwe mwaka mzima. Hilo kila mtu wa pwani analijua.

"Haya," nikasema. "Tuseme nimesoma. Umeniibia nini?"

"Viua vyako."

"Si vyangu. Leta hiyo simu." Sabiri akanipa, pidiefu bado imo, nikaanza na ukurasa wa kwanza. "Hiki nilikiiga kwenye kofia ya muuza mafuta ya taa. Hiki nilikiona kwa mkwe wangu, nikamwambia hakijampendeza ili asikivae tena, nikakishona mimi. Hiki kilikuwa kwenye kichwa cha mgonjwa mwenzangu, tunasubiri daktari wa macho, nilimfuata mpaka kwenye ngazi. Hiki na hiki ni vya mwalimu wangu. Hiki nimekiiga vibaya, kina tundu moja zaidi, na sasa pwani yote mnashona kosa langu."

Tausi akatabasamu kidogo, nikaona meno yake. Nikaona inakwenda. Consolata akaanza kufungua mfuko wake polepole.

"Kama halbadiri ingewashika wanaoiga viua, mkono wangu huu ungekuwa umeanguka kabla wewe hujazaliwa," nikamwambia. "Utazame. Mzima. Inuka twende."

Kisha akamwambia mumewe, "Niletee kofia."

Sabiri akaileta, imefungwa kwenye kitambaa safi. Tausi akaifungua kwa mkono wa kushoto, akaniwekea mapajani. Ilikuwa Eda. Nusu yake imekamilika, na sindano bado imechomekwa pale alipoishia. Nikashika. Nimeshona miaka arobaini na minne, na nakwambia kazi ile ilikuwa safi kuliko yangu, uzi umelala, matundu kumi yote sawa kama yamepimwa. Sijawahi kuiona Eda nzuri hivyo.

"Na hiki?" akauliza. "Vingine hukuandika kitu. Hiki umeandika kimebuniwa na Hafsa. Hiki ndicho nilichokuwa nashona."

Wote wakanitazama mimi. Ningeweza kusema hiki ni changu, nimekupa. Lakini radhi nilikuwa nimeshaitoa mara mbili na haikufika. Nikisema ni changu, basi ameiba kweli, na akiwa ameiba kweli, hatoki kwenye mkeka ule. Na ule mstari mwekundu, tangu nikae pale, nilikuwa naona kama umesogea.

"Hicho nacho nimekiiga," nikasema.

Samiha akafungua mdomo. "Lakini Shang—"

Nikamkanyaga mguu, tena kwa kisigino.

"Nilikuwa Pangani, kwenye kivuko," nikaendelea. "Mbele yangu alisimama msafiri mmoja, simjui, sijui hata alikotoka. Kivuko kikavuka mto, mimi nahesabu. Tukafika ng'ambo, yeye akaenda zake na mimi nikapanda kivuko kurudi, maana sikuwa na safari nyingine, nilikuwa nahesabu tu. Jina nililiandika kwa kujisifu. Nilijua hakuna atakayekuja kudai."

"Apa," akasema Tausi.

Alisema taratibu, bila ubishi, kama mtu anayeomba maji. Nami nikakwama. Jina la Mungu nilikwisha kulichezea mara moja, na nimekaa mbele ya matunda yake. Kuapa uongo sikuweza, hata kwa kumwokoa mtu ulimi haukuinuka. Nikaishika ile kofia kwa mikono miwili. Nikafumba macho, nikanuia moyoni kama mtu anavyonuia swala: ya Rabi, Eda nimeitoa. Nimempa huyu na kila mwenye sindano. Tangu saa hii si yangu, na sitaidai, wala sitasema ilikuwa yangu. Nilipomaliza kunuia nikafumbua macho.

"Wallahi, Tausi," nikasema, "kiua hiki si changu. Huna kitu changu mkononi mwako."

Na ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli tangu punde kidogo.

Tausi akamwambia Sabiri, "Tafuta gari."

Consolata alimchoma sindano ya kwanza palepale, Tausi kafumba macho, midomo inasoma shahada, na alipoona hajafa akayafumbua akatutazama mmoja mmoja. Mjini walimkata kidole, pingili mbili. Mkono ukabaki. Daktari alisema siku moja zaidi tungezungumza mambo mengine, na mimi sikumuuliza mambo gani. Nilimpelekea uji hospitalini siku kumi na moja, na kila siku nikitoka wodini nilikuwa nalia kwenye korido kama mtoto, kwa kile kidole, na kwa nafsi yangu.

Samiha alinisubiri mpaka Tausi akaruhusiwa, ndipo akaja na kompyuta yake. "Tuandike nini chini sasa?"

"Futa halbadiri. Futa na yale ya mwanzo. Acha kurasa tupu, anayetaka kununua atanunua."

"Na jina lako kwenye Eda?"

"Futa. Na Eda pia futa, kiwe na namba tu kama vingine."

Akazima kompyuta kwa hasira, nikajua damu yetu ni moja. "Shangazi, ulisema vile kumwokoa mtu. Amepona. Sasa si unaweza kusema kweli?"

"Nimeapa si changu, Samiha. Siku nikisema ni changu, kile kiapo kinakuwa cha uongo. Unataka niwe nimeapa uongo?"

Akaiwasha tena, akafuta. Na habari za Moa zilikuwa zimeshasambaa bila pidiefu, Tausi na Consolata walisimulia, kwamba kiua cha duara nne na matundu kumi Bi Hafsa alikiiga kwenye kivuko cha Pangani. Siku hizi kinaitwa Pangani. Wateja wanakuja kibarazani kwangu, wananiuliza, Bi Hafsa, unashona Pangani? Nawajibu nashona. Inaniuma kila mara, wala haijazoeleka.

Juzi, baada ya Idi, Tausi alikuja mwenyewe na Sabiri. Kaleta papa mkavu na ile kofia. Bwana harusi alishaoa kwa kofia ya kuazima, kwa hiyo hii ilibaki kwa Tausi, akaimalizia kwa kidole cha kati, akashona na kufumua mpaka kidole kikajifunza. Sehemu mpya haikuwa safi kama ile ya zamani, lakini ilikuwa safi. Akanipa niitazame. Niliitazama muda mrefu mpaka Samiha akaja kuniondolea miwani na kuifuta.

"Mama, kitu kimoja kinanikera," Tausi akasema. "Wewe hujaibiwa, sawa. Lakini yule msafiri wa Pangani je? Yeye ndiye mwenye kiua. Pengine kilimtoka moyoni, pengine alikitafuta siku nyingi, na sote tunakishona, hata jina lake hatulijui. Kumtafuta siwezi. Nimeona tumwombee."

Nikasema ni vizuri, tumwombee. Tukakaa sote wanne kibarazani. Tausi akainua mikono yake, ule mzima na ule uliopungua, akamwomba Mungu amlipe kheri mwenye kiua kile popote alipo, amsamehe, ampoze machungu aliyokuwa nayo siku alipokibuni, na amjulishe kwamba kuna watu wanamshukuru.

Nikaitikia amina.